Chuma Kilichofuliwa Uani

Mama alikuwa anaanua nguo nilipoingia uani kwetu Kizwite, mjini Sumbawanga, begi begani na ovaroli ya bluu mkononi. Alinitazama mimi, akaitazama ovaroli, kisha akatupa macho nyuma yangu, walikosimama vijana wawili waliojikunyata kwa baridi.

"Hao ndio wenzako wa chuo?"

"Ndiyo, mama."

"Na hiyo nguo ya gereji ni ya nani kati yao?"

"Ni yangu."

Aliingia ndani, akarudi na kitenge cha rangi ya kahawia, akanitundikia begani kama mtu anayeanika. "Utaivaa, lakini na hiki juu yake. Huko mnakokwenda kuna watu wazima." Baada ya hapo ndipo alipowakaribisha wenzangu ndani na kuwawekea chai.

Nilivaa hivyo msimu mzima, ovaroli ndani na kitenge kiunoni, na mpaka leo nikiona picha pekee niliyobaki nayo ya siku zile nacheka. Nafanana na mtu aliyeitwa shambani na gereji kwa wakati mmoja.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, nami nilikuwa mwanafunzi wa uhandisi chuo kikuu, mmoja wa wasichana wachache mno katika kitivo kile. Likizo ndefu haikuwa ya kulala nyumbani. Kila mwanafunzi alipaswa kwenda mahali akafanye kazi kwa mikono yake, na wengi waliomba viwanda vya Dar es Salaam, penye mashine kubwa, kantini na basi la wafanyakazi. Mhadhiri wetu wa somo la maji alikuja siku moja darasani na mchoro wa pampu isiyotumia injini. Alisema kuna kijiji upande wa Kate, mkoani Rukwa, kimeomba msaada wa maji, na mafuta ya dizeli huko hayafiki kwa uhakika. Akauliza nani atakwenda. Wengi wakainamia madaftari yao. Nilinyoosha mkono, si kwa ushujaa wowote. Rukwa ilikuwa nyumbani. Baba yangu, karani wa serikali mwenyeji wa Mbeya, alihamishiwa Sumbawanga nikiwa mdogo, na hatukurudi tena kwetu isipokuwa kwa misiba na harusi. Kifipa nilikiokota shuleni na sokoni, kile cha kusalimia, kuomba maji na kugombana.

Wenzangu wawili walinyoosha mikono baada yangu. Mmoja alikuwa kijana wa Tanga, mfupi, mcheshi, ambaye hakuwahi kuona pumzi yake mwenyewe ikitoka mdomoni kama moshi mpaka lori letu lilipopita Laela alfajiri. Alipiga kelele akidhani anaungua ndani. Wa pili alitoka Karagwe, mrefu, asiyependa maneno, na hakuna aliyemshinda kukata hesi, ile mikato ya kuunganishia, kwenye bomba la chuma. Akikuambia "imekaa", imekaa.

Kutoka Sumbawanga tulipanda lori lililobeba mbolea na mabomba yetu. Nilikuwa nimeisahau ile nchi. Dar es Salaam macho huishia kwenye nyumba ya jirani, lakini Ufipa macho hayana pa kuishia. Vilima vya nyasi vinafuatana, vya rangi ya mkate, bila miti ya kuvikatiza, na upepo unapita juu yake kama mkono unaolaza manyoya ya mnyama. Mahindi yalikuwa yameshavunwa. Kwenye mashamba ya ulezi kina mama walikuwa wanakata masuke kwa visu vidogo, na hapa na pale yalionekana matuta ya duara ambayo Wafipa hulima kwa kufukia nyasi chini ya udongo. Kijana wa Tanga aliyaona akauliza kwa sauti ya chini kama ni makaburi. Tulicheka mpaka dereva akasimamisha lori kuuliza kuna nini.

Kijiji tulichokwenda kilikuwa kipya. Watu walikuwa wamekusanywa kutoka vitongoji vyao wakapangwa mgongoni mwa kilima, kando ya barabara, nyumba zimesimama mistari kama wanafunzi paredi. Shule ilikuwa karibu, zahanati ilikuwa inajengwa, na duka la ushirika lilikuwa na chumvi siku nyingine. Ila nyumba zilihamia, mto haukuhamia. Ulibaki chini kabisa bondeni, na kila asubuhi wanawake na mabinti waliteremka na ndoo na vyungu, kisha wakapanda wakiwa wameinama, bila kuzungumza, maana mlima ule haukuruhusu mtu kupanda na kuzungumza.

Mimi nilipangiwa kulala kwa mama mmoja aliyekuwa na mabinti wakubwa, watu wa kanisa sana, wakulima wa mahindi na ulezi. Wavulana walilala kwenye nyumba ya mwalimu. Mama mwenyeji wangu aliniuliza jioni ya kwanza, akinisogezea ugali wa ulezi na samaki wakavu waliotoka Muze, "Mwanangu, hiyo pampu yenu inakunywa nini?"

"Hainywi kitu, mama. Inasukumwa na maji yenyewe."

"Maji yajipandishe yenyewe mlimani?"

"Ndiyo."

Alinitazama kwa huruma. "Kula," akasema. "Umesafiri mbali."

Sikumlaumu. Hata mimi niliyaamini mahesabu ya pampu kabla sijaiamini yenyewe moyoni. Pampu ile ni kitu rahisi. Unazuia kijito mahali penye kimo, unateremsha maji kwa kasi ndani ya bomba nene la chuma. Chini kabisa yanatokea kwenye valvu iliyo wazi. Kasi ikizidi, maji yenyewe yanaivuta valvu na kuifunga ghafla, pa! Yale yaliyokuwa yanakimbia yanakosa njia, yanagonga, na kishindo kile kinasukuma kiasi kidogo kupitia valvu ya pili, kuingia kwenye bomba jembamba linalopanda mlimani. Kisha valvu ya kwanza inaanguka kwa uzito wake, inafunguka, na mchezo unaanza upya. Mengi yanamwagika kurudi mtoni na machache yanapanda, lakini yanapanda mchana na usiku bila kuomba kitu.

Kijiji kilituchimbia mtaro wa bomba. Siku za kazi ya pamoja walikuja wanaume na majembe, wanawake wakaja na mawe ya kujengea kizuizi, na ilikuwa raha kuwasikia wakitaniana kwa Kifipa kilima kizima. Kijana wa Tanga alijifunza matusi madogo mawili matatu na kuyatumia kama salamu, na alisamehewa kila mara. Yule wa Karagwe alifunga mabomba moja baada ya jingine. Raba ya kuzibia valvu tuliikata kwenye soli ya katambuga zake mwenyewe za tairi, na tangu siku hiyo akawa anatembea na viatu vya mwalimu vilivyomzidi.

Tulipofungua maji mara ya kwanza, pampu iligonga. Ko. Ko. Ko. Tulishikana mikono watu wazima sisi tukarukaruka kwenye tope. Iligonga mpaka tukaanza kuzoea sauti yake, kisha ikatoa mlio mbaya na kunyamaza, na maji yakaanza kutoka ovyo. Mti wa valvu, ile bolti tuliyokuja nayo kutoka chuoni, ulikuwa umekatika. Ulikuwa mwembamba mno kwa vishindo vile.

Hatukuwa na mwingine. Mjini gereji walituambia tuache mchoro, watatuita, na mtu aliyeishi miaka ile anajua maana ya kuitwa. Lori la mkoa lilikuwa limekosa tairi. Wiki zetu zilikuwa zinakwisha. Nilikaa kwenye jiwe kando ya mto nikaona aibu, kwa sababu mtaro ulikuwa pale, mrefu, mwekundu, umepanda kilima kizima kama kidonda, na watu walikuwa wameuchimba kwa kutuamini.

Mama mwenyeji wangu ndiye aliyesema, "Mjomba wangu anafua vyuma. Mwende."

Alikuwa mzee mhunzi mwenye kibanda pembezoni mwa kijiji, anayetengeneza majembe na visu vya kuvunia ulezi. Watu wa kwao walikuwa wahunzi tangu enzi za matanuru marefu ya udongo, yale ambayo mabaki yake bado yalionekana vilimani. Nilijiandaa kwenda, lakini mama mwenyeji akanishika mkono. "Wewe hapana. Wavulana. Pale moto ukiwaka mwanamke haingii."

Basi alikwenda kijana wa Tanga, amebeba mchoro wangu na pini nene ya springi ya lori tuliyoipata kwa dereva. Nilimweleza vizuri kinachotakiwa: kipande cha chuma chenye kichwa kipana kama uyoga na shina nene. Alirudi jioni na kitu kizuri, kilichong'arishwa kwa mchanga, ila kichwa kilikuwa chembamba kama kifuniko cha sufuria. Tulikifunga. Valvu ilijifunga mara moja na haikufunguka tena, kwa kuwa ilikuwa nyepesi, haikuweza kuanguka kwa uzito wake.

"Ulimwambia nini?" nilimuuliza.

"Nilimwambia uyoga."

"Uyoga gani?"

Alifikiri. "Kwetu Tanga sijawahi kuutazama sana uyoga," akasema.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe. Sikuingia. Nilisimama nje ya ua wa mabua, kitenge nimekifunga vizuri, nikapiga hodi. Ndani nilisikia nyundo ikinyamaza. Mzee akatoka, jasho linamtiririka, macho mekundu kwa moshi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe ndiye unayemtuma yule mpwani?"

"Ndiye mimi."

"Anasema kinene, halafu anasema chepesi. Mimi nikamfanyia vyote viwili."

"Babu, kosa ni letu. Sikuja kuingia. Ninajua utaratibu wa hapa. Nimekuja kusimama hapa nje nikueleze."

Alikaa juu ya gogo. Nilimwonyesha mchoro, akautazama kwa adabu na kunirudishia. Kando ya ua palikuwa na udongo mbichi waliokuwa wanakandikia ukuta. Nilichuchumaa nikachukua donge nikaanza kulifinyanga: shina, kisha shingo, kisha kichwa, kinene katikati na chembamba pembeni, chini bapa. Nilifanya polepole, nikalivunja mara moja nikaanza upya. Nilipomaliza akalipokea kwa mikono miwili, akaligeuza.

"Shingo hii umeipinda kwa nini?"

"Maji yakipita hapa yasikwame. Yateleze."

"Na chini hapa?"

"Hapo panakaa raba. Pakiwa na bonde hata la unywele, maji yatavuja."

"Chuma kikiwa cha moto kinajua kudanganya," alisema. "Unakiona kiko sawa, kikipoa kimesinyaa. Utahitaji kukipima kila kikitoka motoni."

"Nina kipimo chake." Nilimtolea kalipa, kipimo cha kubania, mfukoni mwa ovaroli. Aliifungua na kuifunga, akabana kidole chake nayo, akabana gogo, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Kisha akanirudishia. Nilidhani mazungumzo yamekwisha, nikaanza kufikiri namna ya kuaga. Akainuka akaingia kibandani, akaongea na wanawe wawili, watu wazima wenye ndevu. Nilisikia sauti zikibishana kwa Kifipa, nyingine nzito, nyingine ikipanda. Mara wanawe wakatoka wamebeba jiwe la kufulia chuma, wanayumba kwa uzito wake. Wakaliweka chini uani. Wakarudi, wakatoka na mivukuto, kisha na makaa kwenye kigae cha chungu.

"Babu, mnafanya nini?"

"Kibanda ni kile pale," alisema mzee, akionyesha kwa kidevu. "Hapa ni uani. Pita."

Jirani mmoja aliyekuwa anapita alisimama akauliza kwa ukali kidogo kama siku hizi mambo yamekuwa hivyo. Mzee hakugeuka. "Binti yako anapanda ule mlima na chungu kila siku," alisema. "Basi usinizuie." Yule bwana akaegemea ua akawa mtazamaji kama wengine waliokuwa wanakuja.

Tulifanya kazi mpaka jua likaelekea kuzama. Yeye alipasha, akafua, akaninyooshea chuma kwa koleo. Mimi nikapima na kusema "bado kidogo upande huu", na chuma kikarudi motoni. Mkono wa mwana aliyekuwa anavukuta ulipochoka, mzee aliniangalia, akaangalia mivukuto, akasema kwa kawaida kabisa, "Haya, vukuta." Nilipiga magoti nikavukuta. Sikujua mdundo wake, na makaa yakawa yanawaka na kufifia, mpaka yeye akaanza kunihesabia kwa mguu wake, akikanyaga chini, na mimi nikamfuata. Joto lile usoni na upepo wa Ufipa mgongoni, nimewahi kuyatafuta mahali pengine sijayapata.

Uyoga wetu wa chuma ulikuwa mweusi na mzito, hauna mng'aro wowote. Yule wa Karagwe aliusugua chini kwa tupa asubuhi nzima, akaufunga, akajaribu kwa kidole.

"Imekaa," akasema.

Tulifungua maji. Ko. Ko. Ko. Safari hii hatukuruka. Tulikaa kwenye nyasi tukasikiliza, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kufurahi. Baadaye tukapanda mlimani kwenye tangi la saruji lililojengwa kupokea maji hayo, ambako kijiji kizima kilikuwa kimekaa kusubiri. Mwenyekiti alikuwa ameandaa hotuba, akaitoa, ikaisha, na maji yalikuwa hayajafika. Akaanza kuitoa tena kutoka mwanzo. Bomba likaanza kupumua. Likatoa upepo, likakohoa, likatema tope jekundu kwenye suruali ya mwenyekiti, kisha yakaja maji, kamba nyembamba isiyozidi unene wa kidole, lakini haikukatika.

Hakuna aliyepiga vigelegele mara moja. Mama mwenyeji wangu alisogea akaweka kiganja chini ya bomba, akakiacha kijae na kumwagika, akakijaza tena. Akanawa uso. Akageuka kunitafuta kwa macho kwenye watu, na aliponiona akaanza kulia. Hapo ndipo vigelegele vilipoanza, na nilibebwa juujuu na wanawake ambao nguvu zao sikuwa nimezikadiria, kitenge cha mama yangu kikabaki chini kwenye tope, na ovaroli ikaonekana na kijiji kizima.

Siku zilizobaki mwalimu mkuu alituomba tuwaonyeshe wanafunzi. Waliteremka bondeni darasa kwa darasa. Tulifungua pampu tukawawekea vipande kwenye majani, wakavishika, tukavifunga tena pamoja nao. Tulitengeneza nyingine ndogo kwa mabaki, wakawa wanaifungua na kuifunga wenyewe, wanagombea zamu. Wasichana wa darasa la saba walijipanga nyuma ya wavulana mpaka nilipowaita mbele. Mmoja, mwenye sauti ya kukwaruza, alinyoosha mkono.

"Dada, ukishika spana kila siku, mikono haiwi migumu?"

"Inakuwa."

"Sasa utaolewa na nani?"

Wavulana walipasuka kwa kicheko. Kijana wa Tanga akajibu haraka kwamba yeye yupo, ana mikono laini, atasawazisha. Wakacheka zaidi. Lakini yule msichana hakucheka. Alikuja akaishika mikono yangu, akaigeuza, akavitazama viganja. "Kama ya mama," akasema, na akarudi kwenye mstari akiwa ameridhika na jambo fulani ambalo sikulielewa siku ile.

Tuliondoka asubuhi ya ukungu mzito. Mzee mhunzi alikuja barabarani na jembe jipya lisilo na mpini, limefungwa kwa gunia, akanipa. Nilimpa ile kalipa. Ilikuwa mali ya chuo na nilikatwa fedha kwa ajili yake baadaye, lakini sikuwahi kusikitika. Aliitia mfukoni mwa koti akaendelea kuishika huko huko mpaka lori likaondoka.

Tulipomaliza masomo tulitawanyika. Wa Karagwe alikwenda kufundisha mafundi, wa Tanga akaenda bandarini kwao, na kwa miaka kadhaa alikuwa ananiandikia kila mwaka kuniuliza kama nimeshaolewa au bado anasubiriwa. Mimi niliajiriwa katika maji na nimefanya kazi mikoa mingi, kwenye miradi ambayo ule wa bondeni ungeingia mara mia ndani yake. Nimesimamia matangi yanayoonekana kutoka mbali. Mzee mhunzi alifariki kipupwe cha mwaka wa pili baada ya kazi ile. Mama yangu ndiye aliyenipa habari, nilipokuja likizo, tukiwa tunachambua maharage. Alisema alikwenda mazikoni, safari yote ile kutoka Kizwite, juu ya lori.

"Ulikuwa humjui, mama," nilimwambia.

"Nilitaka kuwaona hao watu," alisema.

Pampu ilidumu muda mrefu. Vijana wa kijiji walijifunza kubadilisha raba, na nilipopita tena, nikiwa na gari la serikali na dereva mwenye haraka, ilikuwa bado inafanya kazi. Baadaye nafasi yake ilichukuliwa na mradi mkubwa wa bomba la mserereko, linaloteremsha maji bila pampu, kutoka chemchemi za juu, na mimi mwenyewe nilitia saini michoro yake. Siku ya kukagua niliteremka peke yangu mtoni kwa mguu, viatu mkononi. Nyasi zilikuwa ndefu na upepo ulikuwa ule ule. Mabinti wawili walikuwa wanafua nguo kwenye mawe ya kile kizuizi chetu, wanaimba. Waliniamkia, nikaitikia. Waliniuliza kama nimepotea, nikasema hapana, nikakaa nao kidogo, nikawasaidia kukamua shuka.